Fundi wa Betri Hakuichoma Redio

Ukienda mtaa wa Mtendeni, hapa Tabora, leo, ukamtafuta mtu wa umri wangu ukamwuliza habari za Fundi wa Betri, atafikiri kidogo kisha atakwambia, "Ah, yule aliyechoma redio ya ushirika." Basi. Mtu amefanya kazi miaka na miaka, ameokoa vyombo vya watu, kilichobaki midomoni mwa mji ni redio moja. Mimi nilikuwepo. Hakuichoma. Nitafika huko, lakini kwanza nataka mumjue, maana na mimi nikianza na redio nitakuwa nimemfanyia kama walivyomfanyia wao.

Sitasema alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Sikumwuliza, naye hakuwa mtu wa kuulizwa. Jina lake nalijua. Lakini sisi kazini tulimwita Fundi, majirani walimwita Fundi, hata mkewe alimwita Fundi, akimgombeza na akimbembeleza. Nami nitamwita hivyo.

Mimi nimesoma darasa la tatu, huko kwetu upande wa Bukene, kisha nikaja Tabora kubeba mizigo stesheni. Leo nina duka la betri na malori mawili, na vijana wenye vyeti vyao wananijia kuuliza kwa nini friji ya mteja imeungua wakati fyuzi ni nzima. Nawajibu. Sijaona aibu ya darasa la tatu hata siku moja. Ila kila ninachowajibu nilikitoa kwa mtu yule, na kila ninachokula nakila kwa sababu yake.

Alinichukua stesheni. Siku hiyo yalikuja kwa treni makasha ya vioo, vioo vikubwa mfano wa ndoo, ndani yake mabamba ya risasi. Hizo ndizo zilikuwa betri za redio wakati ule. Wenzangu walikuwa wakirusharusha makasha kama magunia ya mahindi. Mimi nilikuwa nashuka ngazi za behewa taratibu, mguu mmoja, kisha mguu mwingine. Akanifuata mtu mwembamba, shati lake limejaa vitundu kama limeliwa na mende.

"Wewe, mbona huendi mbio kama wenzako?"

"Naogopa, mzee. Hiki ni kioo."

"Unaogopa! Haya, njoo kesho kazini kwangu. Hawa wasioogopa waache hapa hapa."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Sikuulizwa cheti. Siku ya pili akanionyesha jinsi ya kubeba vioo viwili kwa mti wa begani, kimoja mbele kimoja nyuma, nami nikalalamika kwamba bega linauma. Akacheka mpaka akakohoa. "Nyie Wanyamwezi mlibeba pembe za ndovu kwa ile njia ya misafara, kutoka Ujiji mpaka pwani. Wewe kutoka stesheni mpaka hapa unalia?" Toka siku ile akaniita Mnyamwezi. Ofisini kwetu, ushirika wa tumbaku, walikuwamo Wanyamwezi tele, hata karani mkuu alikuwa Mnyamwezi, lakini akiita "Mnyamwezi!" nilijua ni mimi.

Vile vitundu vya shati vilikuwa vya maji ya betri, tindikali ile. Tone moja likikurukia huoni kitu, ukifua nguo kesho yake unatoa chekeche. Hakuwa na shati zima hata moja, wala suruali. Vidole vyake vilikuwa vimekauka, ngozi imebadilika rangi kuwa ya kahawia ya tumbaku. Asubuhi alikunywa maziwa ya mgando bakuli zima, akisema yanazuia sumu ya risasi. Sijui kama ni kweli. Mimi nakunywa mpaka leo.

Lakini Ijumaa usingemtambua. Alikuwa na kanzu moja nyeupe, aliiweka nyumbani kwenye sanduku la bati pamoja na karafuu, na siku hiyo mkewe aliileta mwenyewe ofisini, imekunjwa ndani ya khanga. Fundi alinawa kwanza kwa magadi mpaka viwiko, akasimama nje ya chumba, mbali kabisa, ndipo akaivaa. Kanzu ile haikuwa na tundu hata moja. Wapita njia waliokuwa hawamjui walidhani ni mwalimu wa madrasa.

Sasa nieleze chumba, kwa sababu habari yote imo humo.

Ushirika wetu ulikuwa na redio koli, ile ya kuitana na kujibizana. Simu za waya hazikufika kwenye vituo vya kununulia tumbaku, kwa hiyo kila kituo kilipewa redio ndogo, na mama yao wote ilikuwa ile kubwa ya Tabora. Nayo haikula umeme wa mji, ilikula betri. Umeme wa mji ulikuwa wa majenereta, ukija umekuja, ukienda umekwenda, na ukirudi unarudi na wazimu. Ndiyo maana nyuma ya ofisi palikuwa na chumba chenye dirisha la wavu tu, bila kioo, ili hewa ya betri itoke. Ndani, juu ya ubao uliopakwa lami, vilipangwa vioo kumi na viwili, sita upande huu, sita upande ule. Fundi aliwaita Bi Mkubwa na Bi Mdogo.

"Leo zamu ya nani?" alikuwa akiuliza kila asubuhi akifungua mlango, kana kwamba hajui.

Bi Mkubwa akiwa kazini kulisha redio, Bi Mdogo anakula kwenye chaja. Kesho wanabadilishana. Katikati palikuwa na swichi kubwa ya shaba yenye mpini mweusi, ukiulaza kulia ni huyu, ukiulaza kushoto ni yule, wala haikuwezekana redio na chaja vikutane kwa betri ileile kwa wakati mmoja. Alilitengeneza jambo hilo kwa makusudi. "Redio hii," alisema, "toka ifike Tabora haijaonana uso kwa uso na umeme wa mji. Na mimi nikiwa hai haitaonana."

Watu walimtania kwamba huyu mzee ana wake wawili wa vioo kwa sababu wa nyumbani anamwogopa. Ilikuwa kweli kiasi. Maisha yake yote alikuwa na mke mmoja, na ulimi wa yule mama ulijulikana mpaka sokoni.

Meneja wetu, kijana aliyeletwa kutoka Dar es Salaam, aliingia mle siku moja na sigara mdomoni. Fundi aliinyofoa sigara ile kutoka midomoni mwa mkubwa wake, akaitupa nje dirishani.

"Hee! Ndugu Fundi!"

"Humu hewa inalipuka, mwanangu. Ukitaka kufa, kafie ofisini kwako."

Wakati ule sote tulikuwa ndugu: Ndugu Meneja, Ndugu Katibu, Ndugu Mwenyekiti wa Tawi. Fundi peke yake ndiye aliyewaita wakubwa "mwanangu". Meneja akarudi ofisini kwake. Lakini hakuyasahau.

Maneno mengi ya Fundi yalikuwa ya matusi, siwezi kuyaandika. Mengine aliyasema kwa mfano, na mfano wake mkubwa aliutoa dukani kwa Seth. Seth alikuwa Mhindi wa duka la vitambaa, mtu mkarimu na mbishi. Alinunua redio kubwa ya mezani, ya kupiga na santuri, akaichomeka moja kwa moja ukutani. Fundi alipita akaiona, akasimama.

"Seth, hiyo wekea betri katikati."

"Betri ya nini, Fundi? Mimi nalipia umeme wa serikali!"

"Nyumbani kwako mgeni asiyejulikana akibisha hodi, unampeleka mpaka chumba cha kulala?"

"Toba! Nampokea barazani."

"Haya. Umeme wa mji ni mgeni usiyemjua. Leo ana njaa, hana nguvu hata ya kusema. Kesho amelewa, anapiga teke mlango. Betri ndiyo baraza. Anaishia pale. Akija na fujo, fujo inamezwa pale pale. Asipokuja kabisa, barazani mna akiba, nyumba haijui kama kuna msiba. Redio yako wewe inalala kitanda kimoja na mgeni."

Seth akacheka, wateja wakacheka. Baada ya wiki mbili umeme ulikatika mchana, ukarudi kwa kishindo, redio ya Seth ikatoa moshi katikati ya wimbo. Akaja kwetu mwenyewe, ameibeba kama mtoto mgonjwa. Fundi hakumcheka. Alisema tu, "Pole," akaifungua, akamwonyesha kilichoungua. Hapo ndipo nilipomwelewa kidogo: mtu akiwa mzima alimtukana, akiumia alinyamaza.

Alikuwa na desturi zake. Maji ya kuongeza kwenye betri hakuyachukua bombani. Alitega mvua kwa beseni la enameli juu ya kigoda cha mti katikati ya uwanja, mbali na bati, na mvua ya kwanza ya msimu aliiacha ipite yote. "Inaosha mbingu," alisema. Ya pili ndiyo aliyoikinga. Tulikuwa na madumu ya mvua ya miaka iliyopita yameandikwa kwa chaki.

Na umeme ukirudi baada ya kukatika, hakuwasha chaja. Juu ya mlango alining'iniza balbu moja. Alikaa chini yake, akajimiminia kahawa, akaitazama balbu ile kwa jicho moja. Ikipepesa, anangoja. Ikiwaka nyeupe kupita kiasi, anangoja. Mpaka amalize kikombe na balbu imetulia rangi ya embe bivu, hapo ndipo anapoinuka. Wakubwa walikasirika. "Umeme umekuja, huyu anakunywa kahawa!" Hawakujua kwamba ile ndiyo kazi yenyewe.

Pia alikuwa mtu wa kushangaza. Nyumbani kwake hapakuwa na umeme wala betri. Alitumia taa ya mafuta ya taa, na redio hakumiliki kabisa. Nikamwuliza sababu. "Nimeshinda nazo kutwa, usiku nataka kusikia watu." Alinifundisha kila kitu na hakunisifu hata mara moja. Miaka minne nimekaa naye, nikifanya vizuri anapita, nikikosea anasimama. Nilikuwa mtu mzima, nina mke na watoto wanne, na bado nilikuwa natamani siku moja aseme mbele ya watu, "Huyu naye ni fundi." Hakusema. Natamka haya kwa sababu ndiyo mzizi wa lililotokea, ingawa si udhuru.

Ikawa Ijumaa moja, msimu wa kununua tumbaku. Umeme ulikuwa umekatika siku nne, jenereta la mji limeharibika. Bi Mkubwa amekwisha, Bi Mdogo amebakiza pumzi. Fundi aliizima redio asubuhi ili ile pumzi isiishe, maana betri ya namna ile ukiikamua mpaka mwisho inakufa hairudi. Adhana ilipokaribia akavaa kanzu yake. Akaniambia, "Mnyamwezi, umeme ukirudi usiguse kitu. Nikitoka msikitini nitawalisha mwenyewe." Akaniachia ufunguo, kama kila Ijumaa.

Hajafika mbali umeme ukarudi.

Meneja akaja mbio. Mbingu upande wa kusini zimekuwa nyeusi, tumbaku ya wanavijiji imerundikwa nje kwenye vituo inangoja malori, na malori hayajui yaanzie wapi.

"Washa redio!"

"Betri zimechoka, Ndugu Meneja. Mpaka Fundi..."

"Umeme si huo umerudi? Wewe umekaa humu miaka minne unafanya nini, unafagia?"

Neno hilo liliniingia. Nikajaribu kumwasha Bi Mdogo, redio ikakoroma tu, haikuamka. Nikasimama nikafikiri kwa akili yangu ya darasa la tatu: chaja inatoa volti kumi na mbili, redio inakula volti kumi na mbili. Betri hizi zilizochoka ndizo zinazonyonya nguvu katikati. Nikiziondoa? Nikafungua nyaya za Bi Mdogo, nikazitoa kwenye swichi, nikaunganisha chaja na redio moja kwa moja, nikazisokota kwa mkono.

Redio iliamka kwa sauti ambayo sijapata kuisikia. Meneja akashika kipaza sauti, akaita kituo cha Sikonge, Sikonge wakaitika, akawaambia wafunike mizigo, lori linakuja. Akanipiga begani. "Kumbe fundi ni wewe!" Akatoka mbio kwenda uwanjani kwa madereva.

Nilisimama pale peke yangu, kifua kimejaa. Nawaambieni ukweli, sijawahi kufurahi namna ile, hata siku niliyonunua lori la kwanza. Balbu ya mlangoni ikaanza kuwaka, nyeupe, nyeupe zaidi. Niliiona. Nilijua maana yake. Nikawa bado nanyoosha mkono kwenye chaja, nikasikia "pa" ndogo, kama mtu amevunja kijiti, kisha harufu. Anayeijua harufu ile haisahau. Redio ikanyamaza.

Fundi alirudi na kuikuta harufu mlangoni. Hakuuliza. Alipiga magoti kwenye sakafu ile akiwa na kanzu yake nyeupe, akaziangalia nyaya. Mimi natumia mkono wa kushoto. Nikisokota waya, unazunguka kinyume na wa watu wengine, na ofisi nzima hapakuwa na mwingine wa mkono wa kushoto. Aliushika msokoto wangu akautazama. Kisha akaanza kuufungua, taratibu, mzunguko mmoja mmoja, mpaka waya ukanyooka. Alipoinuka kanzu ilikuwa imelowa maji ya betri magotini, na nilijua ikifuliwa itakuwaje.

"Fundi..." nilisema.

"Nyamaza."

Kamati ilikaa Jumatatu. Mvua ilikuwa imenyesha, vituo vya mbali havikupata habari, tumbaku ya watu imeoza, na redio inangoja kifaa kutoka Ulaya ambacho hakuna aliyejua kitafika lini. Watu walikuwa na hasira, na walikuwa na haki. Wakati ule palikuwa na neno moja lililomfanya mtu atetemeke: hujuma. Katibu alilitamka mapema. Meneja akasema aliikuta redio imewashwa, imeunganishwa na chaja bila betri, akatumia, akatoka. Hakusema aliyeamuru. Mimi nikaitwa.

"Ndugu, nani aliunganisha redio na chaja bila betri?"

Fundi alikuwa amekaa benchi la mbele, mgongo wake kwangu.

"Nilikuta imeunganishwa," nikasema. "Mimi nilibonyeza tu."

Maneno mafupi. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi usiku kucha na yalitoka vizuri.

Wakamgeukia. "Ndugu Fundi, ni kweli? Ni wewe?"

Akasimama. "Chumba ni changu. Ufunguo ni wangu. Kilichofanyika mle nimekifanya mimi."

"Makusudi?"

"Uzee, mwanangu. Andika uzee."

Mmoja alitaka aitwe polisi. Wengine wakasema mzee ametumika muda mrefu, afukuzwe tu, yaishe. Yakaisha. Siku hiyohiyo wakanikabidhi chumba. Nikaupokea ufunguo kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu aliyelelewa vizuri.

Mji ukampa jina: Mchoma Redio. Nyumbani kwake hapakuwa na umeme wa kuchajia betri za watu, kwa hiyo Seth akampa pembe ya ua wake. Watu wakamwuliza Seth hana woga? "Woga wa nini?" akajibu. "Mimi nilichoma ya kwangu mwenyewe, mbona sijajifukuza?" Fundi akawa anachaji pale betri za magari na za redio za wanakijiji waliokuja mnadani. Mimi nikawa nabadilisha njia. Kutoka kazini kwenda kwangu njia fupi ilipita mbele ya ua ule. Nilizunguka kwa upande wa Kitete, karibu na hospitali, miaka yote, mvua na jua, nikiwaambia watu natembea kwa ajili ya afya.

Kifaa cha redio kilipofika kutoka Ulaya nilifanya yote aliyonifundisha Fundi. Mvua ya pili, kikombe cha kahawa, balbu. Mkononi mwangu haikuungua tena redio hata moja. Nikasifiwa. Nchi ilipofungua milango ya biashara nikaacha kazi, nikafungua duka, likashika. Mwaka wa kwanza wateja walikuwa wakiingia na kusema, "Tumeelekezwa na mzee mmoja pale kwa Seth. Anasema betri tununue kwako, hutudanganyi." Mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nawauzia nikiwa nimeangalia chini.

Nilisikia miguu ya Fundi imekufa, hatoki tena. Nikakaa na habari hiyo miezi. Kisha Alhamisi moja alasiri nikafunga duka mapema, nikaegesha gari mwanzo wa mtaa wake, nikatembea. Nje ya nyumba, barazani kwa jirani, wazee watatu walikuwa wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda. Mmoja wao nilimjua, alikuwa mjumbe wa ile kamati.

"Tajiri! Umepotea njia leo?"

"Nakuja kumwona mgonjwa."

"Kwa Mchoma Redio? Angalia asikuguse, na wewe utatoa moshi." Wakacheka wote watatu, bila ubaya, kama watu wanaorudia mzaha wa miaka mingi.

Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba ukumbini, mlango wa uani uko wazi, mwanga unamwangukia. Amekuwa mdogo. "Shikamoo, Fundi." "Marahaba, Mnyamwezi. Umenenepa." Mkewe alitoka jikoni, nikamwamkia, akaitikia akarudi kupika kahawa. Tukasikiliza vyombo vyake.

"Fundi, ile redio."

"Naam."

"Ni mimi."

"Mkono wa kushoto ni wa nani mwingine? Najua ni wewe."

"Kwa nini hukusema?"

Akanitazama kama nimeuliza zamu ya nani. "Mimi mzee, nimewatumikia, wangenifukuza. Wewe mbeba mizigo huna cheti, huna mtu. Walikwisha taja hujuma. Ungefungwa, na watoto wanne. Hesabu ndogo hiyo."

"Nisamehe."

"Nilikwisha kukusamehe siku ileile, ama sivyo nisingeufungua ule waya. Mimi sikudai. Lakini huyo," akaashiria jikoni kwa kidevu, "hajui. Sikumwambia. Huyo hana siri, angelitangaza bombani kabla ya magharibi na polisi wangekuwa kwako kabla ya isha. Basi nikamwacha. Mwambie yeye."

Mama akaja na sinia, akaliweka kwenye kigoda. "Mnanong'ona nini? Redio tena? Mwenzenu huyu bwana, waume wa watu wanastaafu kwa zawadi, wangu kastaafu kwa moshi." Alisema kwa wepesi, akimimina. Ilionekana ameisema mara elfu.

"Mama," nikasema. "Redio ile niliichoma mimi. Fundi alikuwa msikitini. Nikaulizwa, nikadanganya, nikamsingizia."

Mkono wake ulisimama na birika hewani. Hakunitazama mimi hata kidogo. Alimgeukia mumewe.

"Na wewe ukaniacha niseme."

Fundi akajaribu kutabasamu. "Ulikuwa unasema vizuri."

"Miaka yote hii. Mbele ya watoto. Mbele ya wakwe zako. Ukaniacha niseme." Akaketi ukingoni mwa kitanda kile, karibu na miguu yake iliyokufa, akaushika mmoja juu ya shuka. Hakulia. Alikuwa anaitafuta sauti yake haipati, yule mama ambaye mji mzima uliuogopa ulimi wake. Mimi nikanywa kahawa kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya na mikono.

Nilipoaga, Fundi alikuwa amefumba macho. Mama akanisindikiza. Alifungua mlango wa mbele, akasimama kizingitini, na mimi nikatoka nje. Wazee wa drafti walikuwa bado pale, hatua tano kutoka tuliposimama. Wakainua vichwa.

"Enhe, tajiri! Mzima? Hujaungua?"

Nikageuka. Mama alikuwa ameuegemea mlango, ananitazama. Alinitazama mimi, kisha akawatazama wale wazee, kisha mimi tena, na akangoja.

Nilikuwa na jina mjini. Nilikuwa na duka, na wateja walioelekezwa kwangu kwa sababu sidanganyi.

"Wazee," nikasema, "nawaacheni salama."

Nikaenda zangu kwenye gari. Mtaa ni mrefu, na umbali wote ule nilitega sikio nisikie akifunga mlango. Hakufunga.